Samadi ya Ukoo Mzima

Wanangu mnaoanza kazi ya ugani mwaka huu, mnisamehe nikianza na mavi ya ng'ombe. Najua chuoni mmefundishwa kuyaita samadi, nami nitayaita hivyo kwa heshima yenu, lakini mkishafika vijijini mtaona kwamba kazi yenu nzima imesimama juu ya hayo hayo, na siku nyingine mtasimama juu yake kwa miguu.

Mimi nimekuwa bibi shamba hapa Kyela tangu nikiwa msichana asiye hata na mchumba. Hebu fikirini. Una umri wa kuitwa binti, unashuka kwenye baiskeli pale Busale, na wazee wenye mvi wanavua kofia: "Bibi Shamba amefika." Nilikuwa bibi kabla sijawa mama. Sasa ni bibi kweli, nina wajukuu wa kutosha kufungua shule, na hakuna anayevua kofia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Gwakisa, bosi wangu wa kwanza, mtu mfupi asiyependa maneno. Siku yangu ya kwanza alinipeleka nyuma ya banda la mkulima mmoja, akanionyesha lundo la samadi, akasema, "Ingiza mkono." Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mpaka kwenye kiwiko," akasema. Nilikuwa nimevaa blauzi yangu nyeupe ya kuanzia kazi. Nikaingiza, nikakuta ndani kuna moto kama chini ya sufuria.

"Bado inapikika," alisema Mzee Gwakisa. "Ukiipeleka shambani leo itaunguza mizizi, halafu kila mbegu aliyomeza yule ng'ombe itaota kabla ya mahindi yako. Subiri mpaka mkono uingie na kutoka bila habari yoyote."

Hicho ndicho kipimo changu hadi leo: iwe ya baridi, iwe nyeusi, inukie kama udongo wa chini ya mgomba baada ya mvua. Ninyi mna simu zinazowaambia joto la Mbeya mkiwa hapa Kyela mnatoka jasho. Hongereni. Sijamwona bado kijana anayekubali kuichomeka simu yake kwenye lundo.

Jambo la pili nililijua kwa mkulima mmoja wa Talatala. Aliona mpunga wa jirani umekolea ukijani baada ya kutiwa urea, naye akanunua mfuko akaumalizia wote kwenye bustani yake ya nyanya. Akaniita kwa furaha. "Bibi Shamba, nyanya zangu zimefika dirishani." Kweli zilikuwa zimefika dirishani na zinachungulia ndani. Nikamuuliza nyanya zenyewe ziko wapi. "Zinakuja," akasema. Hazikuja hata moja. Msimu mzima kuku wake walikaa kwenye kivuli kizuri kuliko cha ofisi yetu.

Urea inalisha majani, na samadi nyingi ya moto hufanya vivyo hivyo. Mmea uliovimbiwa hauna haraka ya kuchanua. Ukitaka maua, acha kuunenepesha, uache uonje jua, upe majivu ya jikoni kidogo. Shikeni hilo la nyanya za Talatala, maana bila hilo hamtaelewa jinsi muungwana mmoja alivyokaribia kufungwa jela.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, nikiwa nahesabu kuwa sasa nitapumzika, nilikabidhiwa mmea mmoja. Siyo shamba, siyo kijiji. Mmea mmoja, ndani ya chungu, kwenye kituo cha polisi.

Mwenye mmea alikuwa Ambakisye wa Busale, mkulima wa mpunga na kokoa, mzee wa kanisa, mtu ambaye akiimba besi kwenye kwaya mabenchi yanatetemeka. Binti yake anayefanya kazi Mbeya alimtumia mbegu za maua ya kupamba kanisa. Ikaota mbegu moja tu, karibu na njia. Majani yake yalikaa kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na ukiyasugua yalitoa harufu kali. Mpita njia mmoja mwenye macho mazuri na moyo mbaya akapeleka habari polisi kwamba mzee wa kanisa analima bangi.

Wakaja wakakamata wote wawili, Ambakisye na mmea. Ambakisye alipata dhamana kwa sharti la kuripoti kituoni kila Jumatatu asubuhi. Mmea haukupata dhamana. Mpelelezi, Afande Shabani, kijana wa Tanga aliyekuwa amehamishiwa kwetu karibuni, alikuwa amenunua chungu kipya pale Lyulilo, vile vya wafinyanzi Wakisi vinavyofika sokoni kwa mtumbwi, akikusudia kumpelekea mama yake. Kikageuka mahabusu.

Walituma majani kwa mkemia. Kwa joto letu hili, ndani ya mfuko wa plastiki, yalifika yakiwa uji. Mkemia akajibu kwamba haoni cha kupima. Wakatuma mengine, nayo yakafika uji. Hakimu, mama mmoja asiyependa kupotezewa muda, akachoka. Akasema aletewe mmea wenyewe ukiwa umechanua, mtaalamu asimame aseme ni nini kwa kuonyesha ua. Akaongeza kwamba ukifia mikononi mwa polisi, atataka kujua nani aliuua.

Ndipo Afande Shabani akaja ofisini kwetu anatembea haraka kama amefiwa. "Bibi Shamba," akasema, "tunakuomba sana. Huyu asife."

Nilipouona tu niliujua. Nikamwambia, "Afande, huyu ni ndugu yake mgagani, ile mboga yetu, ila ni wa mapambo. Bangi jani lake lina meno pembeni, kama msumeno. Angalia hapa, hakuna meno."

Akainama akaliangalia lile jani kwa muda mrefu. "Hayajaota bado," akasema. "Hata mtoto huzaliwa bila meno."

Askari mmoja akatoa simu yake iliyo na programu ya kutambua mimea. Akapiga picha, simu ikasema ni muhogo. Akapiga upande wa pili, ikasema bangi. Akarudi nyuma apate mmea mzima, simu ikasema ni kiti cha plastiki, maana kulikuwa na kiti nyuma yake. Tukakubaliana kusubiri ua.

Tatizo la kwanza lilikuwa chungu. Chungu cha kupikia hakina tundu chini, sivyo? Maji yalikuwa yamejaa yananuka, mizizi inazama, majani yanageuka manjano. Nikaomba msumari na nyundo.

"Unataka kutoboa kidhibiti cha kesi?" akauliza Afande Shabani.

"Nataka kutoboa chungu."

"Chungu kimo ndani ya kidhibiti."

"Mimi naona kidhibiti ndicho kimo ndani ya chungu."

Alifikiri, akapiga simu juu. Kule juu nako wakapiga simu juu zaidi. Jibu lilichukua siku kadhaa kurudi, na wakati huo wote mmea ulikuwa unakufa kwa utaratibu. Hatimaye tukaruhusiwa, mradi wawepo mashahidi. Nikatoboa, askari wawili wamesimama wima pembeni kana kwamba bendera inapandishwa. Maji machafu yakatoka, yakamwagikia viatu vya mmoja wao, hakutikisika.

Ilikuwa Jumatatu, na Ambakisye alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kuripoti. Alipoona maji yanatoka alishusha pumzi kama ni yeye aliyekuwa anazama. "Ndaga fijo, Bibi Shamba," akasema. "Asante sana kwa ajili yangu na yake."

Niwaambie ukweli, mtu yule aliniuma moyo. Alikuwa ameacha kuimba. Kanisani anasimama na kwaya, mdomo umefungwa, wenzake wa besi wanahangaika kama gari lililotolewa tairi. Kila Jumatatu aliniuliza swali lile lile: "Utachanua lini?" Siku moja akaniambia taratibu, ili mkewe asisikie: "Mpunga wangu unakaribia kuiva. Nikifungwa, Tupokigwe atafukuza ndege peke yake, na jioni atarudi kwenye nyumba isiyo na mtu." Nikamwambia habari za majivu.

Afande Shabani hakuwa mtu mbaya, nalo hilo liandikeni. Alikuwa anakaa chumba cha kupanga, hana ndugu hapa, hajui mtu wa kumgongea mlango akiumwa. Jumatatu zilipozidi kuwa nyingi, yeye na mshtakiwa wake wakawa wanakaa benchi moja, Ambakisye anamfundisha namna ya kuchagua mchele usiochanganywa, yeye anamweleza habari za minazi. Halafu wanageuka wote kuuangalia mmea, na wanakumbuka.

Basi nikaacha maagizo: maji asubuhi tu, majivu konzi moja, asubuhi utolewe nje upate jua. Nikaenda upande wa Matema kufundisha wakulima wa kokoa namna ya kupunguza matawi. Nilikaa huko wiki chache. Huku nyuma, Tupokigwe, mkewe Ambakisye, akawaeleza ndugu kwamba mumewe atapona mmea ukichanua.

Sasa ninyi mnaotoka mikoa mingine mnisikilize. Hapa kwetu migomba inakaa mlangoni. Kila asubuhi banda linafagiliwa, na kilichofagiliwa kinaenda kwenye shina la mgomba, tangu mababu. Kwa Mnyakyusa mwenye ng'ombe, hakuna mmea wenye shida isiyotibika kwa samadi. Halafu mtu wenu akiwa mikononi mwa polisi, hamwendi mikono mitupu. Aliye mahabusu anapelekewa chakula. Kwa hiyo ukoo ukakaa, ukajiuliza nani hasa yuko mahabusu, ukaona ni mmea, na ukaupelekea chakula chake.

Walikuja kutoka Busale, walikuja kutoka Talatala, shangazi, wajomba, mashemeji, kila mmoja na samadi yake imefungwa vizuri kwenye jani la mgomba. Wanafika mapokezi, wanasalimia, "Ugonile, Afande," wanaeleza uhusiano wao na Ambakisye, wanapita. Afande Shabani, mtu wa pwani, akadhani ni mila ya maombolezo na hakutaka kuonekana mshari. Alichofanya ni kupekua. Alikuwa anafungua kila furushi na kuichokoa samadi kwa kijiti, kama anavyopekua ugali wa mahabusu, asije mtu akaingiza kisu.

Niliporudi, mmea ulikuwa umefika dirishani.

Ulikuwa wa kijani kizito, majani makubwa kama sahani, shina nene, na hakuna dalili ya ua popote. Nilisimama pale nikaziona nyanya za Talatala. Vibaya zaidi, jinsi ulivyozidi kunawiri ndivyo ulivyozidi kufanana na kile walichomshtakia Ambakisye. Watu waliokuwa wanakwenda sokoni walipitia kituoni kuutazama, na wengine wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, kwamba polisi wanajua kulima.

Baba mdogo wake Ambakisye, Mzee Anyosisye, alikuwa pale anapangusa mikono. "Tumekusaidia kazi, Bibi Shamba," akasema.

Niliwaka. Nilimwambia mbele ya askari kwamba kila jani la mgomba lililopita mlango ule limemsogeza mtoto wa kaka yake karibu na jela. Hakimu alikuwa ameshapanga siku. Nikapiga marufuku samadi, nikakwangua yote iliyokuwa juu, nikaomba majivu kwa mama ntilie wa jirani na kituo, nikapunguza maji mpaka mmea uanze kuona maisha ni magumu. Nikawa napita kila asubuhi. Nilipoona kichwa cha kwanza cha chipukizi la ua, nilikaa chini sakafuni kituoni nikacheka peke yangu. Ambakisye hakucheka. Aligusa lile chipukizi kwa ncha ya kidole, akauliza kama bado linaweza kughairi.

Baada ya hapo nikashikwa na shughuli za kukabidhi ofisi, nikamwachia Afande Shabani. Akaufunika kwa chandarua chake mwenyewe, mbuzi wasiule, yeye akalala na mbu. Na Mzee Anyosisye, aliyeamini kwamba chipukizi lile ni matunda ya samadi yake, akarudi mara moja zaidi na furushi la shukrani. Mbichi, ya asubuhi ile. Kwa sababu marufuku, alieleza baadaye, ilihusu samadi ya kuomba, siyo ya kushukuru.

Siku ya kesi ukoo ulijaza mahakama mpaka madirishani. Mmea uliingizwa na askari wawili, umefunikwa chandarua kama bibi harusi. Hakimu akasema ufunuliwe. Afande Shabani akavuta, na wote tukavuta pumzi.

Ulikuwa umechanua kichwa kizima, maua ya waridi na meupe, yenye nyuzi ndefu zimetokeza kama sharubu za paka. Nikasimama nikaeleza kwamba bangi haina ua la namna hiyo, kwamba hili ni la mapambo, na ndugu yake tunamla na ugali. Hakimu akashuka kwenye kiti chake, akaja karibu, akanusa, akapiga chafya. "Hili ni ua," akasema. "Mshtakiwa, uko huru."

Tupokigwe alilia kwa sauti bila kujificha. Mimi nililia pia, na sioni sababu ya kuwaficha. Ambakisye alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili na nikaona koo lake linacheza, kama mtu anayetafuta noti ya kuanzia.

Hakimu alikuwa bado ameinama. Akasukuma majani makubwa ya chini kwa kalamu yake. "Na hivi vidogo?"

Nikavaa miwani, nikainama naye. Kuzunguka shina, katika samadi ya Mzee Anyosisye, ilikuwa imeota miche midogo, minene, iliyosimama vizuri, mingi kama kitalu cha mchicha. Pembeni mwa kila jani kulikuwa na meno kama ya msumeno. Afande Shabani alikuwa ameyasubiri meno yale tangu siku ya kwanza, na sasa yalikuwa yameota.

"Mtaalamu?" akaniita hakimu.

Nilimtazama Ambakisye. Rangi ilikuwa imemtoka. Nimetumikia kazi hii kwa kusema mmea ni nini ninapoulizwa, na sikujua kufanya kingine. "Hii ni bangi, mheshimiwa," nikasema. Halafu, Mungu anisamehe, mazoea ya kazi yakanishinda: "Na imetunzwa vizuri sana."

Ukoo wote ukatazama dari. Mzee Anyosisye, aliyekaa nyuma yangu, alinong'ona kwamba ng'ombe wake yule mwekundu huwa anakata kamba na kushuka bondeni, na kwamba bondeni hajui kuna nini. Nikamkanyaga mguu.

"Chungu hiki," akasema hakimu, akirudi kwenye kiti chake polepole, "tangu kilipokamatwa, kimekuwa mikononi mwa nani?"

"Mikononi mwa kituo, mheshimiwa," akajibu Afande Shabani.

"Nani alikuwa anakimwagilia?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Nani alipokea mbolea?"

Aligeuka kuwatazama wale mashangazi na wajomba waliokuwa wanampita mapokezi kwa salamu nzuri. Hakuna hata mmoja aliyemtazama. Angeweza kuwataja. Niliona anafikiri. "Mimi, mheshimiwa," akasema. "Niliipekua mwenyewe."

"Basi wewe ndiye mkulima. Utaleta maelezo ya maandishi, na mpaka nitakaporidhika nayo utakuwa unaripoti hapa kila Jumatatu asubuhi. Una mdhamini? Awe mtu wa hapa hapa Kyela, mwenye nyumba na shamba."

Afande Shabani alikuwa na mama Tanga. Hapa alikuwa na chumba cha kupanga na chandarua. Kuona mtu mzima amesimama katikati ya watu wengi namna ile na hana wa kumsemea, wanangu, ni jambo baya.

Ambakisye alikuwa ameshafika mlangoni, mkewe amemshika mkono anamvuta nje waende zao kabla mtu hajabadili mawazo. Akasimama. Akageuka, akanyoosha mkono mwingine juu, na ndiyo mara ya kwanza kwa miezi mingi nilisikia besi yake ikitikisa mabenchi.

"Mimi, mheshimiwa. Nina nyumba, nina shamba Busale. Nitamleta mwenyewe kila Jumatatu. Nimeshazoea."